Mwalimu, nati ya sampu haikazwi kwa hasira

Swali: "Fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Donholm, naendesha Toyota Fielder ya mwaka 2011, injini ya 1500. Mwezi uliopita nilipeleka gari sevisi kwenye gereji fulani, nikalipia oili na filta. Juzi nimeinama chini ya gari nikakuta filta ni ileile ya zamani, ina vumbi na kutu. Nimechoka. Nataka niwe namwaga oili mwenyewe hapa kwenye maegesho ya ploti. Shemeji yangu ananiambia niweke 20W-50 kwa kuwa gari limepita kilomita 140,000, na eti filta si lazima kila mara. Je, hii kazi inawezekana kwa mtu asiye fundi? Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?"

Jibu: Mwalimu, mimi sijambo, na pole kwa hiyo filta. Filta hukaa mahali ambapo mwenye gari hainami kuangalia, ndiyo maana ni rahisi kuilipisha bila kuiweka. Wewe uliinama, kwa hiyo nusu ya kazi ya ufundi unayo tayari.

Inawezekana. Mtu anayeweza kubadilisha gurudumu lililopata pancha anaweza kumwaga oili. Ila usiifanye kwa kutafuta kuokoa pesa. Fundi wa mtaani hutoza kidogo tu kwa mikono yake. Kinachokula pesa ni oili na filta, na hivyo utavinunua vilevile. Ukijumlisha spana, stendi na beseni, mwaka wa kwanza unaweza hata kutumia zaidi. Faida iko kwingine: utajua ni kitu gani kimeingia kwenye injini yako, lita ngapi, siku gani, na nati imekazwa na nani.

Tuanze na shemeji, maana akikushinda hapo mengine hayatakuwa na maana.

Kwenye mtungi wa oili kuna namba mbili. Ile iliyo kabla ya herufi W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi. Ya pili inaeleza inavyobaki nzito ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 5W inajaribiwa kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Shemeji atakwambia Nairobi haijawahi kuona baridi hiyo, hata Julai asubuhi ni nyuzi kumi au kumi na mbili, basi 20W inatosha. Ni kweli injini itawaka. Lakini saa kumi na moja na nusu alfajiri, Julai, 20W-50 ni uji uliolala, na 5W-30 ni uji uliotoka jikoni. Yote miwili itamwagika, ila mmoja utachelewa kufika juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, na kila asubuhi vyuma vya huko juu vitakuwa vinasubiri.

Injini ikishachemka shida inabadilika sura. Kwa vipimo vya mnato, oili ya 50 inakaribia kuwa nzito mara mbili ya ile ya 30. Fielder yako ina injini ya 1NZ-FE yenye VVT-i, na VVT-i ni mtambo wa kurekebisha muda wa vali kufunguka, unaosukumwa na oili hiyohiyo, ikipita kwenye vijitundu vyembamba na kichujio kidogo. Nafasi kati ya vyuma vya injini hiyo zilikatwa kwa oili nyepesi. Kule Japani wanakubali kuanzia 0W-20 hadi 10W-30. Kwako wewe, 5W-30. Gari kupita kilomita 140,000 si ugonjwa; nimefungua 1NZ zilizovuka 300,000 na ndani ni safi kwa sababu mwenyewe alimwaga oili kwa wakati.

Simlaumu shemeji. Ushauri wa 20W-50 haukuanzishwa na mjinga. Ulikuwa sahihi enzi za Peugeot 504 na Datsun za kabureta, injini zenye nafasi pana ndani. Magari yalibadilika, ushauri ukabaki palepale. Kama gari lako lingekuwa linakula oili, yaani unaongeza nusu lita kila wiki mbili na ekzosti inatoa moshi wa bluu, tungezungumza habari ya 5W-40 au 10W-40. Hujasema hivyo, basi tuliache.

Angalia pia nyuma ya mtungi herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Tafuta SN au SP. SP ilianza 2020 na inafaa mahali popote palipotakiwa SN. Madaraja ya SH kurudi nyuma yamepitwa na wakati, API wenyewe wanasema hivyo, lakini bado utayakuta kwenye mitungi ya bei rahisi yenye picha nzuri ya gari la mbio.

Na filta kila mara, ndiyo. Injini yako inachukua lita 3.7 ukibadilisha filta, na lita 3.4 usipobadilisha. Hiyo tofauti, karibu theluthi moja ya lita, ni oili chafu inayobaki ndani ya filta ikisubiri kuchanganyika na ile mpya uliyoilipia. Isitoshe filta ina mlango mdogo wa dharura ndani. Karatasi ikiziba, mlango unafunguka ili injini isikose oili, na kuanzia hapo oili inazunguka bila kuchujwa. Gari halitakwambia kitu. Litaendelea kukupeleka shuleni na kukurudisha.

Hujaniuliza ni baada ya muda gani, lakini najua swali linakuja. Toyota kwao Japani wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na tabo, halafu wanaongeza kwamba gari linalofanya kazi kwenye hali ngumu ligawanye kwa mbili: 7,500 au miezi sita. Hali ngumu ni safari fupi fupi, vumbi, na injini kunguruma gari limesimama. Hiyo ndiyo Nairobi. Kuna hesabu ninayowapa vijana wangu, na wewe mwalimu utaipenda: kilomita 5,000 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni saa 62 na nusu za injini. Kilomita hizohizo kwa mwendo wa 15 kwa saa, yaani Jogoo Road asubuhi wakati kila mtu anaenda mjini, ni saa 333. Mita ya dashibodi inaona safari mbili zilizolingana. Oili inaona moja imeizidi nyingine mara tano. Wewe weka 5,000, au miezi sita, lolote litakalotangulia.

Kununua. Ukienda Kirinyaga Road, ambako sisi wa zamani bado tunakuita Grogan, utapata filta ya Fielder kwa bei tatu kwenye maduka matatu yanayopakana. Ichukue mkononi. Filta nzuri ina uzito, mpira wake ni laini na umekaa kwenye mfereji wake bila kucheza, na ukichungulia kwenye vitundu vya pembeni utaona mpira mwingine ndani, ule unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Filta isiyo na mpira huo, au yenye mpira mgumu kama plastiki, ndiyo inayofanya injini igonge kwa sekunde mbili tatu kila asubuhi. Mimi nimekata filta nyingi kwa msumeno. Za bandia karatasi yake ina mikunjo michache, imepindana, nyingine haijagundishwa hata mwishoni, oili inapita pembeni. Nenda na namba ya injini na ya chesisi, zimeandikwa kwenye logibuku. Nunua pia washa mpya, ile pete nyembamba ya nati ya sampu, yaani nati ya kumwagia oili chini ya bakuli la oili la injini. Hiyo ni ya shilingi chache na ndiyo watu husahau.

Oili nunua mtungi uliofungwa, na pete ya kifuniko iwe nzima, isiwe imekatwa na kurudishiwa gundi. Ukishaitumia, toboa mtungi mtupu kwa msumari kabla ya kuutupa. Kuna watu wanaozunguka wakinunua mitungi mitupu yenye majina makubwa, na sidhani wanaitaka kwa kuchotea maji.

Vifaa: ringi spana au boksi namba 14, jeki, stendi mbili, beseni pana la lita tano au zaidi, faneli, glavu, vitambaa vya zamani, na kifaa cha kufungulia filta, kile cha kikombe kinachoingia kichwani mwa filta. Vipande vya katoni vya kulalia. Ploti yako ina kabro, nadhani, na oili ikishaingia kwenye kabro keateka atakukumbuka hadi siku ya kuhama. Tandaza karatasi ya nailoni, juu yake katoni, na uwe na unga wa mbao kwenye mfuko. Oili ikimwagika, mwagia unga wa mbao, kanyaga, fagia. Usikimbilie maji.

Sasa kulinyanyua gari, na hapa naomba usome polepole. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Usiingize hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wala usitumie mawe. Jiwe la Ndarugo linabeba ghorofa kwa sababu limelala kwenye simiti na uzito umeenea. Ukiweka ukingo mmoja wa chuma juu yake linaweza kupasuka bila kukuonya. Tofali za simiti ni mbaya zaidi. Weka gari kwenye sakafu tambarare, hendibreki juu, gia kwenye P, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa vipande vya mbao mbele na nyuma. Nyanyua, weka stendi mahali palipoimarishwa chini ya bodi, mahali palepale kitabu cha gari kinapoonyesha, shusha gari likae juu ya stendi, kisha lisukume kwa mkono. Likitikisika, rudia. Kama stendi zinakutisha, mwambie seremala wa Gikomba akutengenezee ngazi mbili za mbao nene, ngazi tatu kila moja, upandishe magurudumu ya mbele taratibu huku mtu akikuongoza. Wapo wanaofanya hivyo miaka na miaka na hawajawahi kushika jeki.

Kabla ya hapo washa injini kama dakika tano. Oili yenye joto kidogo inateremka vizuri na inabeba uchafu. Lakini usitoke Kitengela ukaingia moja kwa moja chini ya gari: oili ya injini iliyochemka inaunguza kama mafuta ya maandazi. Zima, subiri dakika kumi. Ukiwa unasubiri, fungua kifuniko cha juu cha kujazia oili na uchomoe kijiti cha kupimia, yaani dipstiki. Kufungua juu kunasaidia oili ishuke bila kugugumia, na pia unahakikisha kinafunguka. Ni vibaya kugundua kifuniko kimeganda wakati oili yote iko kwenye beseni.

Chini utakuta pengine plastiki ya kuzuia matope imeshikwa na klipu. Zitoe taratibu, zihesabu. Sasa tafuta nati ya sampu. Hapa wengi wa mara ya kwanza ndipo wanapopotelea, kwa sababu kuna nati mbili za kumwagia chini ya gari lako: ya injini na ya giaboksi. Ya injini ni kichwa cha pembe sita, namba 14, iko chini ya sampu, upande wa injini ulio na mikanda. Ya giaboksi iko upande wa pili, na kwenye Toyota nyingi zenye CVT, ile giaboksi otomatiki isiyo na hatua za gia, ina tundu la funguo ya aleni, haina kichwa cha kushikwa na spana. Nimeletewa gari kwa breki-dauni ambalo mwenyewe alimwaga oili ya giaboksi, akafunga, akaongeza lita nne kwenye injini ambayo ilikuwa bado imejaa. Gari likakataa kwenda mbele, huku injini ikipiga povu. Kwa hiyo ukifungua na ikatoka oili safi, nyepesi, yenye wekundu, ambayo haifanani kabisa na ile uliyoiona kwenye dipstiki, rudisha nati mara hiyohiyo na unipigie kelele.

Legeza nati kwa spana kinyume cha saa, ukiitazama kutoka chini kichwa kikikuelekea. Ukilala chali akili inageuka, unaweza kukaza ukidhani unafungua. Simama kidogo ufikirie. Ikishalegea, endelea kwa vidole, huku ukiisukuma juu kana kwamba unaizuia isitoke. Ukihisi nyuzi za nati zimeisha, iondoe haraka pembeni. Oili haitateremka wima. Itaruka mbele kwanza, kwa hiyo beseni lisiwe chini ya tundu kabisa, lisogeze kidogo kule tundu linakoelekea, na mkono wako usiwe chini ya mkondo, la sivyo itakutembelea hadi kwapani. Kadiri inavyopungua mkondo unarudi nyuma, sogeza beseni uufuate. Acha dakika kumi na tano mpaka yawe matone.

Itazame. Weusi usikutishe, oili inayosafisha injini lazima ichafuke, na ile inayotoka safi kama mpya baada ya kilomita 5,000 ndiyo ingenipa mashaka. Ninachotafuta mimi ni mambo mawili. Rangi ya chai ya maziwa inamaanisha maji yameingia, pengine gasketi ya silinda hedi. Na vipande vya chuma vinavyong'aa: unga mwembamba kidogo kwenye ncha ya nati si ajabu, lakini chembe unazoweza kuzihisi kati ya vidole ni habari nyingine.

Futa nati, toa washa ya zamani (wakati mwingine imeng'ang'ania kwenye sampu, sio kwenye nati), weka mpya. Irudishe kwa vidole. Hii ni sheria ya kwanza: mizunguko yote ya mwanzo ni ya vidole tu. Nati ikigoma, itoe uanze upya, usiisaidie na spana. Nyuzi zikiliwa hapo, unazungumzia sampu mpya.

Halafu kukaza. Kipimo cha Toyota ni kama niutoni mita 37. Huna spana ya kupimia nguvu, na kuinunua kwa kazi ya mara mbili kwa mwaka si lazima. Fikiria hivi: shika spana ya sentimita ishirini, kisha fikiria mtungi wa maji wa lita ishirini umening'inizwa kwenye ncha yake. Uzito huo ndio nguvu inayotakiwa. Si mkono mmoja uliolegea, na si miguu miwili iliyokanyaga chesisi huku meno yameumana. Utashika nati hiyo siku ile bado umeikasirikia gereji, na hasira yote itaishia kwenye spana. Nimerekebisha sampu nyingi zilizovunjwa na watu waliokuwa wanaogopa nati isije ikalegea. Zilizolegea zenyewe nakumbuka chache sana.

Filta. Kwenye 1NZ ni kile kikopo kinachofungwa kwa kuzungushwa. Weka beseni chini yake maana nayo ina oili. Ikikataa mkono, tumia kile kikombe, au izungushie msasa upate mshiko. Ile desturi ya kuichoma na bisibisi ubavuni ili uigeuze nayo, iache. Kikopo kinachanika, filta haitoki, na sasa oili inakudondokea usoni.

Ikitoka, igeuze uangalie mdomo wake. Mpira upo?

Nieleze kwa nini nauliza. Mwaka 1999 nilikuwa najifunza kazi Kariobangi Light Industries. Ikaja Corolla ya mzee mmoja, nikapewa nimwage oili peke yangu kwa mara ya kwanza, na nilijisikia. Filta ilitoka, lakini mpira wake ukabaki umeganda kwenye injini, mweusi juu ya chuma cheusi, sikuuona. Nikafunga filta mpya juu yake. Tukawasha, tukaangalia chini, hakuna tone. Mzee akalipa akaenda. Haikupita saa moja akarudi kwa miguu, mguu mmoja wa suruali umelowa oili mpaka gotini. Mipira miwili ikikaa pamoja inashika kwa muda, halafu injini ikiongezwa mafuta mpira mmoja unateleza na oili yote inatoka kwa dakika moja. Kilichomwokoa ni kwamba aliona taa nyekundu akazima papo hapo, hakusema nifike kwanza. Bosi wangu hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliuchukua ule mpira wa zamani, akanipa, akaniambia nitembee nao mfukoni wiki nzima. Suruali ile haikutakata tena. Mpaka leo sijawahi kuiweka filta chini kabla ya kuigeuza.

Kwa hiyo: mpira uwe kwenye filta ya zamani. Kama haupo, uko juu, ubandue kwa ukucha, futa pale mahali pang'ae. Linganisha filta mbili, ukubwa wa tundu na wa mpira. Chovya kidole kwenye oili mpya, pakaza mpira wa filta mpya. Izungushe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Kile kikombe ni cha kufungulia tu. (Rafiki yako akiwa na Premio au Axio mpya zaidi anaweza kukuta filta yake ni ya karatasi ndani ya nyumba ya plastiki, hiyo inataka kikombe chake maalumu, mpira mpya wa duara, na kipimo kimeandikwa juu ya kifuniko chenyewe. Asilazimishe.)

Shusha gari kabla ya kujaza, dipstiki inadanganya gari likiwa limeinama. Mimina lita tatu na robo kwa kuanzia, ngoja dakika tano, pima. Futa kijiti, kirudishe mpaka mwisho, kitoe, usome pande zote mbili, ukiamini ule ambao oili imeishia chini zaidi. Ongeza kidogo kidogo. Usimimine mtungi mzima wa lita nne kwa sababu tu umeununua. Oili ikizidi, kranki, ule mhimili mkubwa wa chini, inaichapa kama mtu anayepiga mayai, na povu halibebi chuma. Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Taa ikizima, iache injini dakika mbili ingurume, inama uikague kwa macho nati na filta, kisha zima injini, subiri dakika tano, pima tena. Itakuwa imeshuka kidogo, ni ile iliyojaza filta. Ongeza mpaka karibu na alama ya juu, funga kifuniko. Kifuniko, Mwalimu. Ninavyo vitatu hapa gereji ambavyo wenyewe hawajui viko wapi.

Ile oili chafu, imimine kwenye mtungi wenye kifuniko, filta itoboe kichwani na uiinamishe ndani ya beseni usiku kucha imalizike. Mtaro wa Donholm unaishia Ngong River, usiende nayo huko. Tafuta gereji au kituo cha petroli kinachouzia wakusanyaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Wengi watakupokea bila neno, kwao ni pesa. Wajenzi wataitaka wapake mbao za kumwagia zege, na jirani mwenye shamba atataka apake nguzo dhidi ya mchwa. Hayo yapo, siwezi kujifanya sijui, ila mvua huosha nguzo na oili inaingia ardhini. Wanaompaka mbwa mwenye upele oili chafu ndio huwa nagombana nao. Ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeguswa nayo mara kwa mara, na mbwa hujilamba. Wewe mwenyewe usikae na kitambaa chake mfukoni, na unawe kwa sabuni hata kama ulivaa glavu.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva huenda bado kuna stika ya Kijapani yenye kilomita za oili ya mwisho kule lilikotoka. Bandika yako kando yake: tarehe, kilomita, 5W-30, filta. Kisha kwa siku tatu, kila jioni ukiegesha, tandika katoni safi chini ya injini na uiangalie asubuhi. Ukiona tone, usikaze kitu chochote kwanza. Weka alama ya kalamu pale lilipoanguka, chora na magurudumu mawili ya mbele yalipokuwa, uniandikie. Nitakuambia kama ni nati, ni filta, au ni maji ya eyakondishona tu.